Sanduku la Wasomaji: Runinga, Deki na Sauti ya Sinema Nyumbani

Barua nyingi zilizoifikia safu hii katika siku za karibuni zimetoka kwa wasomaji wa Nairobi wanaotaka kugeuza sebule zao kuwa kumbi ndogo za sinema, na karibu zote zinaanza kwa kuuliza bei ya runinga. Mimi ningependa zianze na futi ya kupimia, zifuate diski, kisha sauti, na bei iwe ya mwisho, kwa kuwa runinga haiwezi kuonyesha picha nzuri kuliko ile inayoletewa. Nimechagua barua saba, nikazifupisha bila kubadilisha maana.

Mwalimu wa Kasarani: Mshauri, hujambo? Mimi na mume wangu tumeweka akiba ya kununua runinga. Kochi letu liko mita mbili na nusu kutoka ukutani. Mimi nataka ya inchi 65, yeye anasema itatuumiza macho na kwamba ya inchi 43 inatosha. Tena dukani wametuchanganya kwa majina ya LED, QLED na OLED. Tushike lipi?

Jibu: Sijambo, mwalimu. Ukubwa wa runinga hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, kwa hiyo inchi 65 ni sentimita 165. Wapangaji wa kumbi za sinema wana vipimo viwili vinavyotumika hata majumbani. Kwa utazamaji wa kawaida, zidisha mshazari kwa 1.6, kwa anayetaka picha imjae machoni, zidisha kwa 1.2. Runinga ya inchi 65 basi inafaa kutazamwa kutoka umbali wa mita 2 hadi 2.6, ya inchi 55 kutoka mita 1.7 hadi 2.2, na ya inchi 43 kutoka mita 1.3 hadi 1.75. Kwa kochi lililo mita mbili na nusu, wewe ndiye uliye karibu na kipimo, na mzee anaweza kuambiwa kwa upole kwamba ukubwa wa kioo hauharibu macho. Kinachochosha macho ni mwangaza mkali ndani ya chumba chenye giza totoro, na dawa yake ni taa ndogo iliyofichwa nyuma ya runinga.

Hata hivyo, kabla hamjalipa, jiulizeni mtatazama nini. Runinga ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, ilhali picha ya DVD ya mfumo wa PAL, ule wa DVD za hapa kwetu na za Ulaya, ina nukta 720 kwa 576. Ukipiga hesabu utaona kwamba kila nukta moja ya diski hiyo hutandazwa ijaze nafasi ya nukta 20 za kioo. Runinga inajitahidi kuziba mapengo kwa kukisia, lakini haiwezi kuzua nywele na kope ambazo diski haikuzibeba. Ikiwa chakula chenu cha kila siku ni habari za saa moja na DVD za zamani, ningewashauri mchukue ya inchi 55 na pesa zitakazobaki ziende kwenye spika. Ikiwa mtatazama Blu-ray, yaani diski zenye picha safi kuliko ya DVD, au filamu za 4K kupitia intaneti, basi inchi 65 si anasa.

Kuhusu majina, LED ya kawaida ni kioo cha LCD kinachomulikwa na taa ndogo zilizopangwa nyuma yake au pembeni. QLED ni hicho hicho kioo cha LCD, ila kimeongezewa tabaka la chembe ndogo mno zinazosafisha rangi. Kufanana kwake na OLED kunaishia kwenye herufi. Katika OLED kila nukta hujiangaza yenyewe na inaweza kuzimika kabisa, ndiyo maana mandhari ya usiku huonekana nyeusi kweli na si ya kijivu. Kwa mtu anayetazama filamu taa zikiwa zimezimwa, sijaona kinachoishinda. Udhaifu wake ni bei, na pia nembo ya kituo inayokaa pembeni mwa kioo kutwa kucha kwa miaka inaweza kuacha alama isiyofutika. Nyumba ambayo runinga huwashwa asubuhi ikafungwa kwenye kituo kimoja cha habari hadi usiku haifai kununua OLED.

Mkifika Luthuli Avenue mtakuta runinga zimepangwa ukutani zikionyesha video ya maua, kasuku na maji ya bahari. Video hiyo imeandaliwa na mtengenezaji kwa ubora wa juu kabisa, na runinga yenyewe imewekwa kwenye hali ya rangi kali iitwayo Vivid au Dynamic ili ishindane na taa za duka. Mwombeni muuzaji, kwa adabu lakini bila kuona haya, aibadilishe iwe kwenye hali ya Movie au Cinema, kisha achomeke flashi mliyokuja nayo yenye filamu mnayoijua vizuri. Tazameni nyuso za watu na vivuli, maana kasuku hupendeza kwenye runinga yoyote. Ulizeni pia kama ina kipokezi cha DVB-T2, yaani cha matangazo ya dijitali ya antena, ndani yake. Tangu mitambo ya analogi ilipozimwa hapa Nairobi mnamo Februari 2015, runinga yenye kipokezi hicho na antena nzuri hupata vituo vya bure bila king'amuzi.

Jambo la mwisho ni meza. Runinga ya inchi 65 ina upana wa takribani sentimita 144, na nyingi za siku hizi husimama kwa miguu miwili iliyo karibu na ncha zake. Kabati la sentimita 120 mlilolizoea litakuwa fupi, na safari ya kurudi mjini kutafuta lingine haimo katika bajeti ya mtu yeyote.

Msomaji wa South B: Dada yangu anayeishi Minneapolis anarudi Desemba na anataka kuniletea deki ya Blu-ray kutoka huko. Kaka yetu yuko London, na yeye hunitumia diski za DVD na za Blu-ray mara kwa mara. Je, vitu hivi vitasikilizana? Rafiki yangu ananicheka na kuniambia kwamba diski zimepitwa na wakati.

Jibu: Mwambie dada asiinunue, angalau si kabla ya kusoma maneno haya. Kikwazo cha kwanza ni stima. Nyuma au chini ya kila deki kuna kibandiko chenye maandishi madogo. Kikisema 100–240V na 50/60Hz, deki hiyo itakubali umeme wetu wa volti 240 kwa kubadilisha plagi tu. Kikisema 120V na 60Hz, na vifaa vingi vinavyouzwa Marekani husema hivyo, ukiichomeka kwenye soketi ya South B itatoa moshi kabla hujaona picha. Transfoma ya kupunguza volti ipo, lakini ni mzigo mwingine wa kununua, na hauna faida.

Kikwazo cha pili ni maeneo. Kampuni za filamu ziliigawa dunia ili diski iliyouzwa upande mmoja isichezwe upande mwingine, na kila mfumo una mgawanyo wake. Kwa DVD, Marekani na Kanada ni eneo la 1. Uingereza, sehemu kubwa ya Ulaya, Japani na Afrika Kusini ni eneo la 2. Kenya, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, ni eneo la 5. Utaona mchoro mdogo wa dunia wenye nambari ndani yake, nyuma ya ganda la diski na nyuma ya deki, na nambari hizo mbili sharti zilingane. Blu-ray hutumia herufi: Marekani na Japani ziko A, Ulaya na Afrika ziko B, India, Uchina na Urusi ziko C.

Sasa angalia hali yako. Deki ya dada ingecheza DVD za eneo la 1 na Blu-ray za A, kwa hiyo diski za London zilizofungwa kwa eneo zingekataliwa, ziwe DVD au Blu-ray. Deki iliyonunuliwa hapa au London ingecheza Blu-ray za kaka bila shida, kwa kuwa Kenya na Uingereza ziko pamoja katika eneo B. Ugomvi ungebaki kwenye DVD tu, eneo la 2 dhidi ya eneo la 5, na huo una njia, maana deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini hucheza DVD za maeneo yote, ama zikitoka kiwandani ama baada ya kubonyeza mfuatano fulani wa nambari kwenye rimoti. Kufungua Blu-ray ni kazi ngumu zaidi, na fundi akikuahidi kuimaliza kwa dakika mbili mwombe aifanye mbele yako ndipo umlipe. Diski za 4K, zile zinazokuja katika ganda jeusi, hazina mgawanyo wa maeneo hata kidogo. Hizo dada anaweza kukuletea kutoka Minneapolis na zikacheza hapa, mradi deki yako iwe ya 4K.

Kwa hiyo ningempa kazi hiyo kaka wa London. Umeme wa Uingereza ni wa volti 230 na plagi yao ya pini tatu ndiyo hii yetu. Akinunua iliyotumika, ahakikishe ina tundu la HDMI, lile linalopitisha picha na sauti kwa kebo moja, kwa sababu deki nyingi za zamani zinazofika hapa kwa jina la ex-UK zina tundu pana la SCART ambalo runinga za leo hazina.

Huyo rafiki ana hoja nusu. Ni kweli kwamba soko la deki limepungua: OPPO ilijitoa mwaka 2018, na mwaka 2019 Samsung ilitangaza kwamba haitatoa deki mpya za Blu-ray katika soko la Marekani. Lakini Blu-ray inaweza kubeba picha kwa kasi ya hadi megabiti 40 kwa sekunde, na diski ya 4K inaweza kupita megabiti 100, ilhali Netflix hupendekeza megabiti 15 kwa filamu zake za 4K. Tofauti hiyo huonekana katika moshi, mvua, ukungu na mandhari ya gizani, ambapo picha ya intaneti hugeuka kuwa vipande vya mraba. Diski pia haijali kama kifurushi cha intaneti kimekwisha.

Kama deki ya kawaida imekuwa adimu katika maduka unayoyajua, fikiria mashine ya michezo iliyotumika. PlayStation 3 na PlayStation 4 hucheza Blu-ray, ila si diski za 4K, na hilo ni pamoja na PlayStation 4 Pro ambayo wauzaji hupenda kuisifia kwa jina la 4K. PlayStation 5 yenye mlango wa diski, Xbox One S na Xbox Series X hucheza zote. Vijana wa nyumba watakushukuru, ingawa huenda usiipate runinga yako tena siku za Jumamosi.

Msomaji wa Buruburu: Nimenunua runinga mpya lakini filamu nyingi zina mistari mipana myeusi juu na chini. Je, nimeuziwa runinga mbovu?

Jibu: La, bwana. Kioo chako kina uwiano wa 16 kwa 9, na filamu nyingi za sinema hupigwa kwa umbo pana zaidi, kama 2.39 kwa 1, kwa hiyo robo ya kioo hubaki nyeusi ili picha isikatwe pande. Usibonyeze kitufe cha kuvuta picha ijae, kwani utawakata waigizaji walio pembeni au kuwanenepesha wote. Lakini kama maandishi ya chini yanakatika hata kwenye matangazo ya kawaida, hapo runinga inapunguza kingo za picha yenyewe. Tafuta katika menyu ya picha mahali palipoandikwa Just Scan, Screen Fit au jina la aina hiyo, ukawashe.

Kijana wa Pipeline, Embakasi: Mshauri, nina wufa iliyoandikwa wati 12,000 PMPO na nimeiunganisha na deki yangu. Milipuko inatikisa nyumba lakini watu wakizungumza siwasikii. Nikiongeza sauti, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Nifanye nini?

Jibu: Tuanze na hizo wati, ndugu yangu, maana zimewapotosha wengi. Soketi ya ukutani hutoa ampea 13 kwa volti 240, na ukizidisha unapata wati 3,120 tu, hata ungechomeka mtambo wa kusaga mahindi. Hakuna njia ambayo kifaa kinachokula stima ya soketi moja kinaweza kutoa sauti ya wati 12,000. Geuza wufa yako usome kibandiko cha nyuma mahali palipoandikwa matumizi ya umeme. Si ajabu kukuta wati 60 au 80, na sauti inayotoka ni pungufu ya hapo. PMPO ni tarakimu ya kuandikwa kwenye katoni. Siku utakayonunua nyingine, uliza RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo, na muuzaji asiyeijua RMS ya bidhaa yake umpe mkono wa kwaheri.

Kuhusu mazungumzo yasiyosikika, chanzo chake mara nyingi ni mpangilio wa deki. Filamu nyingi hurekodiwa kwa njia sita za sauti, mfumo uitwao 5.1, yaani spika tatu za mbele, mbili za pembeni na moja ya besi. Maneno ya waigizaji huwekwa kwa kiasi kikubwa katika spika ya katikati. Ikiwa deki imeambiwa kwamba una spika zote sita, nawe umeunganisha mbili za mbele na besi, basi yale maneno yanatumwa kwenye spika ambayo haipo. Ingia kwenye menyu ya sauti ya deki, uchague stereo au PCM, ili njia zote sita zichanganywe ziwe mbili. Katika menyu hiyo hiyo tafuta hali ya usiku, ambayo wakati mwingine huandikwa DRC. Kazi yake ni kupunguza kishindo cha milipuko na kuinua minong'ono, nayo ndiyo itakayokupatanisha na jirani kuliko kitu kingine chochote.

Ukiwa na spika zote, mahali pa kuziweka pana uzito kuliko bei yake. Spika mbili za mbele ziachane kwa umbali unaolingana na umbali wa kila moja hadi kwenye kiti chako, ziwe kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi. Ya katikati ikae chini ya runinga na kingo yake ya mbele ifike ukingoni mwa meza, isisukumwe ndani ya kabati ambamo maneno yatasikika kama ya mtu aliyefungiwa stoo. Zile mbili za pembeni zikae ubavuni mwa kochi, nyuma kidogo ya mstari wa mabega na juu kidogo ya masikio. Nimeona nyumba nyingi ambazo zote tano zimepangwa mbele juu ya kabati kwa sababu waya zilikuwa fupi, na hapo mwenye nyumba amelipia spika mbili asizozisikia.

Spika ya besi ndiyo inayosumbua majumba ya ghorofa. Sauti nzito haisafiri hewani pekee. Hushuka kwenye sakafu ya zege na kumfikia jirani kabla hajasikia neno hata moja. Itoe kwenye kona, kwa sababu kona huongeza besi, na uiweke juu ya kipande kinene cha sponji au mpira badala ya kuigusisha na vigae. Ili kupata mahali pake, iweke kwa muda kwenye kochi, pale unapokaa wewe, cheza wimbo wenye besi ya kwenda mfululizo, kisha utambae kando ya kuta ukisikiliza. Utakuta mahali besi inavuma ovyo, mahali inapotea, na mahali inasikika safi na ya wastani. Hapo pa mwisho ndipo pake. Familia itakucheka, lakini njia hii inatumiwa hata na mafundi wenye vyombo vya kupimia.

Chumba chenye vigae, dari ya jipsamu na kuta tupu kitarudisha kila sauti mara mbili, hivyo zulia nene na pazia zito ni sehemu ya mtambo wako. Na usimdharau jirani mwenye ufagio. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinataja mtikisiko uliozidi pamoja na kelele yenyewe, kwa hiyo hata akiwa hasikii sauti, akitikisika ana haki ya kulalamika.

Mama wa Lang'ata: Kijana wangu ametununulia runinga ya 4K, deki ya 4K na spika ndefu ya kuwekwa chini ya runinga. Tumeunganisha vyote lakini picha haina tofauti na ya zamani, sauti inatoka kwenye runinga, na filamu zinaonekana kama vipindi vya drama vilivyopigwa kwa kamera ya harusi. Tusaidie.

Jibu: Shikamoo, mama. Vifaa vyote vitatu ni vizima. Vimeachwa tu jinsi vilivyotoka kwenye katoni.

Kuhusu sauti, tazama matundu ya HDMI nyuma ya runinga na utaona moja tu, kwa kawaida, lina herufi ARC au eARC kando yake, nalo ndilo linaloirudisha sauti ya runinga kwenye spika. Kebo ya kwenda kwenye ile spika ndefu sharti iingie hapo, na kwenye spika iingie kwenye tundu lenye herufi hizo hizo. Kisha katika menyu ya sauti ya runinga, badilisha kutoka spika za ndani hadi za nje. ARC ilianza na toleo la 1.4 la HDMI mwaka 2009, na eARC ikaja na toleo la 2.1, ambalo lina nafasi ya kupitisha sauti ya Blu-ray bila kuibana. Baada ya hapo, midomo ikitangulia maneno au maneno yakitangulia midomo, kuna mahali pa kurekebisha kuchelewa kwa sauti, kwa milisekunde, na masikio yako yatakuambia lini imekaa sawa.

Kuhusu picha, runinga nyingi hufungua tundu la HDMI kwa uwezo mdogo hadi uziambie vinginevyo. Samsung huliita jambo hilo Input Signal Plus, LG hulitaja kama HDMI Deep Colour, na Sony husema Enhanced format. Liwashe kwa lile tundu linalopokea deki. Kebo nayo iwe ya kiwango kinachobeba gigabiti 18 kwa sekunde, kwa kuwa kebo ya zamani iliyokuja na king'amuzi inaweza kuzima picha kila baada ya dakika chache au kuishusha ubora bila kusema. Ikiwa deki inapitia kwanza kwenye amplifaya ya miaka mingi, amplifaya isiyojua HDCP 2.2, ule ulinzi wa filamu dhidi ya kunakiliwa, itaizuia 4K. Katika hali hiyo chomeka deki moja kwa moja kwenye runinga, na sauti irudi kwa njia ya ARC.

Na ile sura ya kamera ya harusi ina sababu yake. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, nayo runinga yako imewashwa mtambo wa kubuni picha za katikati ili mwendo uwe laini. Kwa mpira unasaidia. Kwa filamu unaiharibu, na wapo watu maarufu wa sinema za Marekani, mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie, waliotoa video mwaka 2018 wakiwasihi watazamaji wauzime. Jina lake hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni: TruMotion kwa LG, Motionflow kwa Sony, Auto Motion Plus au Picture Clarity kwa Samsung. Ukichagua hali ya Filmmaker, kama ipo, unazimika wenyewe, na rangi nazo hutulia. Siku mbili za kwanza mtaona picha imekuwa ya manjano kidogo, kwa kuwa macho yalikuwa yamezoea ile nyeupe ya kibuluu ya dukani. Msiibadilishe mpaka wiki iishe.

Msomaji wa Zimmerman: Stima hupotea kwetu na kurudi kwa kishindo. Je, ile TV guard ya dukani inatosha?

Jibu: Inatosha kwa nyumba nyingi, mradi iwe na muda wa kusubiri kabla ya kurudisha umeme, kwa kuwa hatari kubwa iko katika sekunde za kwanza stima inaporudi ikiyumba. Chomekea humo runinga, deki na spika zote kwa pamoja, kwa maana vimeunganishwa kwa kebo na kimoja kikipigwa kinaweza kumpitishia mwenzake. Usichomeke friji wala pasi kwenye soketi hizo. Wakati wa mvua za masika na za vuli, radi ikianza, chomoa pia waya wa antena. Watu wengi hulinda plagi wakasahau kwamba antena iliyo juu ya paa ni mlango mwingine wa radi.

Msomaji wa Kawangware: DVD zangu zinaruka na kukwama. Wengine husema zipakwe dawa ya meno. Ni kweli?

Jibu: Usianze na dawa ya meno. Chukua kitambaa laini kisicho na nyuzi, kilichoguswa maji kidogo, upanguse kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukipangusa kwa kuzungusha, mkwaruzo utafuata njia ya data na deki itapoteza habari nyingi mfululizo, ilhali mkwaruzo wa kukata njia hiyo huweza kurukwa. Data ya DVD imelala katikati ya tabaka mbili za plastiki, kila moja ya milimita 0.6, kwa hiyo mikwaruzo midogo ya juu haijaifikia. Dawa ya meno husugua plastiki na wakati mwingine husaidia mkwaruzo mmoja kwa DVD ambayo ungeitupa. Kwa Blu-ray usithubutu, kwani data yake iko milimita 0.1 tu chini ya uso, na ganda gumu linaloilinda likisagika hakuna la kufanya.

Tazama pia rangi ya upande wa chini. Diski iliyochapwa kiwandani hung'aa kama fedha. Ile iliyochomwa kwa kompyuta mara nyingi huwa na rangi ya zambarau, na wino wake hufifia ukiachwa juani dirishani. Kama za fedha zinacheza na za zambarau zinakwama, deki yako haina neno. Kama zote zinakwama, jicho la deki limeshika vumbi au limechoka, na hapo ulinganishe gharama ya fundi na bei ya deki mpya kabla hujaifungua.